Pigo la Tatu

Haya hayakunikuta mimi. Yalimkuta rafiki yangu mpima miamba, mtu asiyejua kutunga uongo hata wa kuombea ruhusa kazini.

Kazi yake ni kushusha kipima mtetemo kwenye mashimo ya uchunguzi, kisha kutuma data kwa simu hadi kwenye mfumo unaotumiwa na ofisi zote. Wana utaratibu wao: kabla ya kupima, unagonga mdomo wa bomba la shimo mara tatu kwa nyundo, ili anayefungua faili ajue kipimo kinaanzia wapi.

Siku hiyo lilikuwa shimo la tisa, jua la utosi, naye yuko hoi. Alishusha kipima mita themanini kwenye giza lile, akagonga mara mbili, nyundo ikamponyoka, ikaanguka mchangani.

"Hata kuinama niliona kazi," aliniambia. Akaacha hivyo hivyo, akapima, akatuma.

Bado anakunja waya, simu ikaita. Alikuwa dada wa ofisini anayekagua mafaili.

"Kaka, leo umegonga mara ngapi?"

"Nisamehe dada, nimechoka. Mbili tu."

"Mbona hapa naona tatu?"

Rafiki yangu akaitazama nyundo. Ilikuwa palepale mchangani.

"Labda ni nyundo ilipoanguka."

Dada akalikagua faili tena.

"Hapana, kaka," akasema. "Mbili zinashuka kutoka juu. Hii ya tatu inapanda."