Bolti ya Mjaka

Harufu ndiyo iliyotangulia. Ilikuja Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri, wakati Bi Jawaher yuko mezani ananakili kitabu cha ukoo. Ilikuwa harufu ya mafuta ya kupakia mbao, na ndani yake harufu ya tope la mtoni. Alisimama, akanusa mapazia, akafungua dirisha. Nje, kijiji cha Vitongoji kilinukia karafuu na moshi wa makumbi kama siku zote. Alipofunga dirisha, tope likarudi.

Nyumba ilikuwa na vyumba saba na mtu mmoja. Amur, mdogo wake, alikuwa Maskati na wanawe, na mwaka wa tisa ulikuwa unapita bila ya kukanyaga Pemba. Mwaka huu aliahidi. Angekuja Shaaban, isomwe hitma ya wazee, na walale humu humu nyumbani. Bi Jawaher alishafua vyandarua vyote. Kitabu alikusudia kuwakabidhi watoto kwa mkono wake: nasaba, orodha ya marehemu wanaotajwa kwenye hitma, na mlango mmoja kuhusu bunduki ya babu yake, Masoud, aliyopigania vita vya Mjarumani.

Bunduki yenyewe ilisalimishwa serikalini zamani, kabla yeye hajajua kusema. Kilichobaki ni bolti, kile chuma cha kuvuta na kusukuma kinachoifungia risasi ndani, kimeviringishwa pamba ndani ya kopo la biskuti. Kwa miezi mitatu alikuwa akiandikiana na mzee mmoja wa makumbusho huko Uingereza, mtu anayezijua bunduki zile kama wengine wanavyojua wajukuu. Alimfundisha kwamba kitaji kidogo kilichogongwa kwenye chuma ni alama ya mkaguzi wa kiwandani. Alimfundisha kwamba kila bolti ilisuguliwa kwa mkono mpaka ikakubaliana na bunduki yake, kisha zote mbili zikagongwa namba moja zisije zikatenganishwa. Alimfundisha hata sauti zake nne: juu, nyuma, mbele, chini.

Bi Jawaher aliyaandika yote. Hakuwa mtu wa kuandika asilolithibitisha. Ndiyo maana mwezi uliopita, alipoinakili upya orodha ya marehemu, aliliacha jina la mwisho. Mjaka. Halikuwa na baba, halikuwa na ukoo, halikuwa na kaburi. Babu alilitia kwa mkono wake, na likasomwa kila Shaaban tangu hapo, hakuna ajuaye ni la nani.

Jumanne ikaja sauti. Saada, jirani yake, alikuwa ameleta kisahani cha mkate wa kumimina. Wamekaa, mara ukumbini: pa. Pa. Kiganja juu ya mbao.

"Una mgeni, Bi Jawaher?"

"Sina."

"Basi nani apiga mlango?"

"Upepo."

"Upepo gani wenye vidole?" Saada alishusha sauti. "Nyumba hii ina ntu. Wallahi ina ntu asiyeonekana. Na Bwana Amur akisikia, na wanawe wale waogopao hata mjusi, atalala hapa? Atakwenda hoteli Chake. Weye atakushika mkono mlangoni, basi."

"Usimwambie mtu."

"Mie? Mdomo wangu kaburi."

"Kaburi lililo wazi," alisema Bi Jawaher, na Saada aliondoka bila ya kusubiri kisahani chake.

Jumatano, barua ya mzee wa makumbusho iliingia kwenye simu. Alikuwa ameitazama vizuri picha aliyotumiwa. Namba iliyogongwa kwenye mkono wa bolti ni 9063. Namba ya bunduki ambayo babu aliiandika katika daftari lake la vitani ni 4417. "Samahani, Bibi," aliandika, "bolti hii si ya bunduki ya babu yako. Ni ya mtu mwengine."

Bi Jawaher alilitoa daftari. Ukurasa wenyewe aliujua kwa maneno matatu ya mwanzo tu, umeandikwa kwa herufi za Kiarabu, wino umekuwa rangi ya kutu, na miaka yote alidhani unazungumzia kofia. *Yangu imezama mtoni. Nimechukua ya Mjaka naye kalala.* Chini yake: *Alfajiri walipotushambulia nilimwona akiipiga bunduki yake kwa kiganja, pale penye tundu la bolti, akiipiga, akiipiga.*

Pa.

Ilitoka chumba cha mwisho, kisha chumba kinachofuata, bila ya haraka, kama mtu anayepapasa gizani ingawa jua la saa saba lilikuwa limejaa ukumbini na kila kitu kilionekana, viti, mswala, saa ya ukutani, na hapakuwa na mtu, ila kiganja kile kilikuwa kinakuja mlango kwa mlango kikipiga mbao na kunyamaza, kikipiga na kunyamaza, na tope likazidi kunuka mpaka likamkaa kooni, na meza ikapigwa upande wa pili, na kopo la biskuti likalia chini ya mkono wake, na kitu chenye maji, baridi, chenye vidole vitano, kikaupapasa mkono wake wote taratibu, kikitafuta, kisha kikatulia juu yake.

Shehe Vuai alikuja Alhamisi na ubani wake. Alisoma chumba baada ya chumba hadi sauti ikamkauka, kisha akakaa mkekani na kusikiliza kisa chote.

"Maiti harudi, mwanangu," alisema. "Huyu ni karini, jini aliyezaliwa siku moja na Mjaka, akakua naye. Mwenzake kafa, yeye kabaki na chuma. Wazee wako walimtuliza kwa kumwombea mwenzake kila mwaka. Nani kalifuta jina?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Sikuwa na uhakika naye."

Shehe alilinyooshea kidole kopo la biskuti. "Mrejeshee chuma chake; hana kaburi, bahari itamfikishia. Na jina lirudi kwenye hitma, lisomwe mbele ya watu. Lakini weye peke yako, ndani ya nyumba hii, usilitamke hata siku moja. Mbele ya watu ni dua. Ukilitaja peke yako unamwita."

Walikwenda kwa ngarawa mpaka nje ya mwamba, na Shehe akaitupa bolti kwenye maji makuu. Usiku ule Bi Jawaher alilirudisha jina la Mjaka mahali pake. Katika mlango wa kitabu unaohusu bunduki aliandika alichokifanya babu yake, bila ya kupunguza neno. Harufu ikaondoka. Nyumba ikanyamaza.

Siku nne kabla ya hitma, Amur alipiga simu.

"Dada, usinilaumu. Watoto wana mitihani. Mwakani, inshaallah."

"Inshaallah."

"Hitma isomwe tu msikitini, wapelekee orodha. U mzima lakini?"

"Mzima."

"Mbona Saada kasema nyumba ina mambo?"

"Ilikuwa nayo," alisema Bi Jawaher. "Sasa kimya."

Alivikunja vyandarua, chumba baada ya chumba, akavirudisha kabatini. Alichemsha kahawa. Alisali adhuhuri, akakaa mezani, na bila ya kukusudia akajikuta anautegea sikio ukumbi. Hapakuwa na kitu. Saa ya ukutani. Kunguru juu ya bati. Alikaa hivyo hadi kahawa ikapoa, akaimwaga, akachemsha nyengine, akatia vikombe viwili.

"Mjaka," aliita, kwa sauti ya kumwita mtu aliye chumba cha pili.

Harufu ya tope iliingia polepole. Bi Jawaher aligeuka kuelekea mlangoni, akangoja kiganja.

Kiganja hakikupiga. Pale ukumbini chuma kilichopakwa mafuta kiliinuka juu, kikavutwa nyuma, kikasukumwa mbele, kikalazwa chini. Sauti nne, hakuna iliyopungua.

Bi Jawaher alikivuta kiti cha upande wa pili.

"Karibu," alisema.