Kikohozi cha Mama Redioni

Msusi alikuwa kwenye foleni ya supamaketi, gauni la buluu limemkaa vizuri, akiongea na mama yake kwa simu kwa lugha yao ya asili. Alipokata, mwanaume wa nyuma yake akamwambia, "Samahani, dada. Bibi yangu aliongea hivyo hivyo. Mimi nimebakiwa na neno moja tu la lugha hiyo, 'ndiyo'."

"Mwanaume anayejua kusema ndiyo, anataka nini tena?"

Wakacheka. Alikuwa mtangazaji wa redio. Haikupita muda wakawa chanda na pete. Jumapili alikuja nyumbani kwa kina msusi, mama akamfundisha maneno ya lugha yao, naye badala ya kuyashika akawa anamrekodi kwenye simu. Mama alifurahi, maana vijana wa kuongea naye lugha hiyo walikuwa wamebaki wachache.

Asubuhi moja saluni ilijaa wateja. Mama alikuwa pembeni akikunja taulo, redio ikiongea.

"Lugha za wahamiaji zibaki au zife?" mtangazaji aliwauliza wasikilizaji. "Sikilizeni hii, mniambie kama ni lugha au kikohozi."

Ikatoka sauti ya mama. Studio nzima ikaangua kicheko. Mama akaweka taulo chini.

"Kwani nilimwambia nini kibaya?" aliuliza, tena kwa lugha ya mjini.

Msusi akafuta mafuta mikononi, akapiga simu studio, akabana sauti, akaongea lugha yao polepole. "Wewe ni mjinga?"

"Ndiyo," mtangazaji akajibu kwa lugha hiyo hiyo, kwa lile neno lake moja, akijichekesha.

"Mama mkwe wako umemuuza kwa kicheko?"

"Ndiyo."

"Na kichwani mna pumba?"

"Ndiyo, ndiyo."

Mtaa mzima wa wahamiaji ukavunjika mbavu. Simu iliyofuata ilitoka kwa mama mzazi wa mtangazaji. Akamtafsiria yote hewani, kisha akasema, "Nilikunyima lugha yangu ili usichekwe shuleni. Kumbe nalea mchekaji."

Jioni mtangazaji alimpigia msusi. "Mpenzi, umeniua."

"Mbona unapumua?"

"Ulikuwa utani. Lugha ile haimpatii mtu hata kazi."

"Mama yangu anaota kwa lugha ile. Leo ameshinda kimya."

Kesho yake alikuja saluni, shati limepigwa pasi, akamwomba mama wa msusi radhi kwa lugha aliyofundishwa na mama yake mwenyewe usiku kucha. Alikosea nusu ya maneno. Mama akamsahihisha, akatabasamu.

"Uje kila Jumamosi, mwanangu. Nitakufundisha."

Mtangazaji akamgeukia msusi. "Na wewe, kipenzi?"

"Mama amekusamehe, ni haki yake. Mimi ndiye niliyekuleta nyumbani. Njoo kwa mama. Kwangu usije."

Akaja, Jumamosi baada ya Jumamosi. Msusi alisuka akiwa amempa mgongo, akisikia ulimi wake ukinyooka, moyo ukimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Hatimaye siku moja mtangazaji akasimama nyuma yake, akamwambia kwa lugha yao, bila kukosea hata herufi, kwamba anampenda na anataka kumuoa.

Msusi hakugeuka. Akamjibu kwa lugha ya mjini, "Sijaelewa."