Mdogo Wangu Alipimwa kwa Jina Langu

Nina miaka arobaini na sita. Ni mama wa watoto wawili, na baba yao alishashika hamsini zake kitambo. Naishi Kimbo, Ruiru, na kazi yangu ni kukagua nguo katika kiwanda kimoja huko Thika. Wasomaji wenzangu, msinionee huruma bado. Someni mpaka mwisho kwanza.

Kwetu ni Bungoma. Mama alikuja huku akiwa msichana kuchuma kahawa, na alipozeeka akanunua kipande cha shamba huko Theta, si mbali na kwangu. Aliishi pale na mdogo wangu, Nekesa. Mama alikuwa na sukari, na mguu wake wa kushoto ulikuwa na kidonda kilichokataa kupona. Kila asubuhi Nekesa alikiosha na kukifunga. Walilala chumba kimoja ili Mama akitaka kuamka apate mkono wa kushika.

Na mimi dada mkubwa? Mimi nilifika Jumapili na kuku na maneno mengi, jioni nikarudi kwangu. Nekesa hakuwahi kulalamika. Nikimwambia "njoo," anakuja. Nikimwambia "nishikie hii," anashika bila kuuliza ni nini.

Sasa, chama chetu cha wanawake hapo Kimbo kilikuwa kimepanga safari ya Zanzibar. Tuko wanane, na hakuna hata mmoja aliyewahi kupanda ndege. Tulishashona vitenge vya kufanana. Mama Njeri, mwenyekiti wetu, alikuwa ametupanga mpaka nani atakaa dirishani. Nilikuwa nimewatangazia wenzangu kiwandani hadi wakachoka kunisikia.

Lakini ilikuwa ile miaka ya korona. Bila cheti cha kupimwa, ndege hupandi. Cheti chenyewe kilikuwa cha siku tatu tu, na kurudi pia ulihitaji kingine. Mama Njeri akatafuta kliniki ambayo ingetuma nesi Jumanne, apite nyumba kwa nyumba. Ijumaa tungeruka.

Wiki ile mimi nilikuwa nakohoa...

Nilikohoa kila mwaka, kwa sababu ya vumbi la pamba kazini, na nilijua. Lakini woga uliniingia. Nikajiona nimebaki Kimbo na kitenge changu kipya huku wenzangu wakitumiana picha za bahari. Nikampigia Nekesa simu. Nikamwambia aje Jumanne asubuhi, akae mahali pangu dakika mbili tu, aingizwe ile pamba puani. Akauliza, "Dada, si watanijua?" Nikamwambia nani atamjua akiwa na barakoa, na sisi wawili tunafanana hivi. Nikamwahidi leso ya Zanzibar.

Picha ya kitambulisho changu nilipigwa nikiwa na miaka kumi na minane, kichwa kimenyolewa, macho yamenitoka. Hakuna Mkenya anayefanana na kitambulisho chake, na hapo ndipo nilipoweka imani yangu yote. Nesi alipofika nilijificha chumbani, sikio mlangoni. Nilimsikia akisema, "Hizi picha zetu jamani," wakacheka wote wawili. Halafu Nekesa akapiga chafya. Mimi huko ndani nilifunika mdomo nisicheke.

Nekesa alikunywa chai, akapanda matatu ya kurudi Theta. Mguu wa Mama ulikuwa unamngoja.

Jumatano saa saba mchana nilikuwa nakula kantini. Meseji ikaingia. Jina langu, nambari yangu ya kitambulisho, na chini yake neno moja ambalo sikutegemea. Nimepatikana na korona...

Mimi? Mimi sikuguswa hata na pamba.

Nilikaa na kijiko mkononi mpaka chakula kikapoa. Polepole ikanijia. Mgonjwa ni Nekesa. Duniani kote mtu aliyejua hivyo ni mimi peke yangu, hata yeye mwenyewe hajui. Na muda ule alikuwa amekaa na Mama, wameinamiana juu ya kile kidonda.

Kabla sijainuka, simu ikalia. Ilikuwa kliniki. Mwanamke mwenye sauti ya upole akaniambia nikae nyumbani, nisitangamane na watu. Akauliza, "Mama, uko na nani hapo nyumbani?" Watoto wangu walikuwa shule ya bweni. Nikasema niko peke yangu. Akauliza tena, "Hakuna mzee karibu na wewe? Mtu wa sukari, mtu wa presha?"

Nikasema hakuna.

Hapo ndipo nilipomuua mama yangu. Wengi husema ni ugonjwa. Mimi nasema ni pale kantini, saa saba na nusu, kwa neno moja.

Mtauliza, kwa nini sikumpigia Nekesa? Nimejiuliza zaidi yenu. Sikuogopa kushtakiwa, wala Mama Njeri. Ni kwamba Nekesa akijitenga, nani atamwosha Mama? Nani atalala naye? Ni mimi. Na nikienda Theta, Zanzibar siendi. Hesabu yangu ilikuwa hiyo tu, na niliipiga nikitafuna. Nikajiambia Nekesa ni kijana, hata hakohoi, na hizo mashine hukosea. Nikajiambia nitamweleza nikirudi.

Jioni ile nilipita kliniki nyingine mjini Thika. Sikutaja ya kwanza, na huko hawakuuliza. Safari hii nilitoa pua yangu mwenyewe. Alhamisi majibu yakaja. Sikuwa na kitu. Kikohozi kilikuwa ni vumbi, kama kila mwaka. Ningekaa kwenye kile kiti changu Jumanne, Nekesa asingeitwa Kimbo kabisa, na mimi ningesafiri na moyo mweupe.

Lakini pia, ugonjwa wake ungebaki hivyo hivyo, na hakuna ambaye angejua. Nilipewa onyo ambalo hata wenye haki hawalipati, na nikalikalia.

Ijumaa tuliruka. Nilipewa dirisha. Sikumbuki nilichoona.

Jumapili Nekesa akapiga. Akasema Mama hana hamu ya kula na anahisi baridi. Nikamwambia ampe uji. Jumatatu akasema Mama anapumua kama aliyepanda mlima. Tulikuwa ufuoni, tumevaa vile vitenge, na Mama Njeri alikuwa akituita tusimame vizuri tupigwe picha. Picha hiyo ipo. Nimesimama wa tatu kutoka kushoto, natabasamu.

Jumanne walimpeleka hospitali Thika akawekwa oksijeni. Nikasema narudi leo hii. Mama Njeri akanishika mkono akaniambia, "Mama Kelvin, na cheti?" Cheti... Hakuna ndege ingenibeba bila kupimwa upya. Nikaenda, nikapanga foleni juani, nikaingiziwa pamba. Wakasema majibu kesho. Nililia mbele ya yule mpimaji, nikamwambia mama yangu anakufa. Akasema, "Pole sana dada, lakini ni lazima tujue kama uko salama kwa wengine."

Salama kwa wengine. Mimi.

Jumatano saa nne asubuhi Nekesa akapiga. Aliniita tu, "Dada," akaanza kulia. Nusu saa baadaye cheti changu kikaingia kwenye simu, safi kabisa.

Tulimzika Bungoma kwa haraka, watu wachache, wote tumesimama mbalimbali. Mwili haukulala nyumbani hata usiku mmoja. Kwa watu wetu hilo ni jambo zito. Mama mkubwa, dada yake aliyemlea, alizuiwa kumgusa. Nekesa naye alipimwa akaambiwa anao, na kwa wiki mbili alikaa peke yake ndani ya nyumba ile, na kitanda cha Mama mbele yake.

Alipotoka aliniuliza jambo moja. "Dada, kwani ile pamba ya Kimbo ndiyo iliniletea?"

Nikamwambia labda.

Naam. Niliona mahali pa kujificha nikaingia. Toka siku hiyo Nekesa aliapa hakuna nesi atakayemgusa tena. Mimi nilinyamaza miaka miwili. Nilimpelekea leso, akaikunja akaiweka.

Mwaka jana akashika mimba. Akakataa kliniki. Miguu ikavimba, kichwa kikawa kinamuuma, bado akakataa. Aliniambia, "Walimuua Mama kupitia mimi." Nikaona sasa nitazika wa pili kwa mdomo wangu huu huu. Nikaenda Theta siku ya kazi, mchana. Nilimkuta jikoni anachagua maharagwe. Nikamweleza yote, meseji, simu, kantini, na jinsi nilivyoulizwa kuhusu mzee.

Aliendelea kutoa mawe kwenye maharagwe, moja, jingine. Mwishowe akasema, "Ungenipigia tu, Dada. Ningelala hapa jikoni. Ningemwekea chakula mlangoni, mguu ungeoshwa na Mama Wanjiku hapo jirani. Hata wewe usingehitaji kuja."

Hata mimi nisingehitaji kuja... Hilo sikuwahi kuliwaza.

Kesho yake alienda kliniki, kwa miguu yake, na walimshughulikia. Amejifungua salama. Ni msichana, na amepewa jina la Mama. Nimeambiwa ana macho yake. Nimeambiwa tu, kwa sababu sijaruhusiwa kumwona. Leso yangu ilirudishwa kwangu na mtu wa boda, imekunjwa vile vile.

Wenzangu, ukiambiwa upimwe, kalia kiti chako mwenyewe. Na kama umeshadanganya, na jibu likakujia ambalo si lako, usiogope aibu, mpigie mwenye jibu simu saa hiyo hiyo. Mimi nilikuwa na simu mkononi na salio la kutosha.

Kila Jumapili bado nashuka Theta. Nasimama nje ya lango, naita jina la Mama. Mara nyingine mtoto analia huko ndani.