Kurasa Mbili za Mkataba wa Setilaiti

Kabati la chuma lilikuwa wazi, na mwenyekiti wa mkutano alikuwa amekaa sakafuni mbele yake kama mtu aliyefiwa.

Inspekta alifika saa mbili na robo asubuhi. Kituoni walimwita Bi Mkasi, kwa tabia yake ya kuyakata maneno ya watu yakianza kurefuka. Nyuma yake aliingia sajini, mtu wa miaka thelathini kazini, ambaye hakuwahi kuingia kwenye kesi bila kunusa majasusi.

"Kimeibwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Miaka kumi na mmoja ya maisha yangu, mama."

"Hiyo siwezi kuifungulia jalada. Kingine?"

Mwenyekiti alieleza kwa kirefu, akakatwa mara nne. Makundi sita ya wataalamu wa setilaiti za hali ya hewa, kutoka nchi sita, yalikuwa yamekaa wiki nzima katika jengo lile, baada ya yeye kuyabembeleza miaka kumi na mmoja. Yalitaka kukubaliana jambo moja: picha za mawingu, zipigwe na setilaiti ya nani, ziwafikie wote papo hapo bila barua za maombi.

Makundi manne hayakuwa na neno. Kasheshe ilikuwa kwa wakuu wa yale mawili yaliyobaki. Wa kwanza alikuwa bwana mrefu mwenye nywele nyeupe pe, ambaye setilaiti zake zilikaa juu ya ikweta zikitazama upande mmoja wa dunia bila kupepesa. Walinzi walimwita Bwana Mawingu. Wa pili alikuwa mama mfupi asiyebanduka kwenye saa yake ya mkononi, na setilaiti zake zilizunguka kutoka ncha moja ya dunia hadi nyingine. Huyo walimwita Mama Dakika. Bila picha za wote wawili, dhoruba huonekana nusunusu, kama ugomvi wa jirani unaochunguliwa kwenye tundu la ufunguo.

Jana alasiri, baada ya siku tano za kununiana, wawili hao walikubali. Mkataba ukachapwa kwa lugha ya kila mmoja, ukurasa mmojammoja, ukafungiwa kabatini usubiri saini leo saa sita mchana. Na huko baharini, mwendo wa siku tatu kutoka pwani, dhoruba ilikuwa inajikusanya.

"Ufunguo unakaa wapi?"

Mwenyekiti alionyesha ukutani. Ulining'inia kwenye msumari, hatua moja kutoka kabatini, na chini yake kikaratasi: UFUNGUO WA KABATI LA SIRI.

Mtaalamu wa alama za vidole alifanya kazi karibu nusu saa. Kwenye ufunguo alikuta alama za watu wasiopungua kumi na tisa. Iliyokuwa juu kabisa ni ya sajini, aliyekuwa ameushika aone kama ni mzito.

"Ni majasusi, afande," sajini alijitetea.

Inspekta alimpita akainama kabatini. Alikuwa anakagua kilichobaki. Kompyuta mbili mpya zilikuwepo. Ramani zilikuwepo. Hata viambatisho vya mkataba vilikuwepo, kurasa arobaini za tarakimu tupu: masafa ya redio, nyakati za kurusha picha, joto la mawingu. Zilizoondoka ni kurasa mbili tu, zile zenye maneno.

"Jasusi angebeba tarakimu," alisema. "Huyu anaogopa maneno. Leo kulikuwa na nini kabla ya saini?"

Hakuna kikubwa, mwenyekiti alisema. Makao makuu yalipiga simu jana kwamba mhakiki wa lugha angefika saa nne kuzilinganisha zile kurasa mbili. Habari hiyo alimwambia mkalimani peke yake, ili atafute kiti cha mgeni. Na ndiye mkalimani huyohuyo aliyezichapa, kwa kuwa hakuna mwingine pale aliyezijua lugha zote mbili.

Inspekta alitaka kuwahoji wakuu wawili, na ilibidi awahoji kupitia kwa mkalimani huyo, mwanamume mwembamba wa makamo mwenye sauti laini.

Alianza na Bwana Mawingu. Je, anamshuku mtu? Bwana Mawingu alizungumza dakika mbili mfululizo. Alipiga meza. Alionyesha kidole kwenye mlango ambao nyuma yake Mama Dakika alikuwa anasubiri, mishipa ya shingo imemsimama.

"Anasema anamheshimu sana mwenzake," mkalimani alitafsiri, "na hamshuku mtu."

"Hayo tu?"

"Lugha yao ina maneno marefu, Inspekta."

Akaitwa Mama Dakika. Yeye alitupa kalamu, akaweka viganja viwili juu ya kichwa vikasimama kama masikio, kisha akalia kwa sauti ya mnyama.

"Anasema Bwana Mawingu ni mtu mvumilivu, mchapakazi, asiyechoshwa na mizigo."

Sajini alikohoa. Hata yeye alikuwa amemtambua punda.

Inspekta aliwatoa wote, akabaki na mkalimani na sajini.

"Siku zote tano umewatafsiria hivi?"

"Hivi vipi?"

"Punda akiingia kwako anatoka malaika."

Mkalimani alianza kukusanya kalamu zake.

"Kurasa ziko wapi?"

"Ndani ya kamusi. Kwenye kibanda changu cha ukalimani." Alishusha pumzi. "Miaka sita iko pale, hakuna aliyewahi kuifungua."

Sajini alikwenda akarudi nazo, zimekunjwa vizuri. Mkalimani akaeleza mwenyewe. Katika ukurasa wa Bwana Mawingu, Mama Dakika alikiri kwamba yeye ndiye mdogo na akaomba kushirikiana. Katika ukurasa wa Mama Dakika, aliyekiri na kuomba ni Bwana Mawingu.

"Lakini tarakimu ni zilezile, Inspekta. Picha kila dakika kumi, bure, kwa wote. Sikugusa namba hata moja. Nilichobadilisha ni heshima tu."

"Kwa nini?"

Alilegeza tai. Miaka mitatu iliyopita, alisema, dhoruba ilipiga tambarare anakoishi dada yake. Picha zilikuwepo. Zilikaa ofisini kwa muda wa saa tisa zikingoja barua ya idhini, maana wakuu hawa wawili walikuwa hawasemezani.

"Dada yangu alikaa juu ya bati siku mbili. Shemeji hatukumpata." Alitazama mikono yake. "Jumatatu wakanipa niwatafsirie wawili hawa. Yule bwana akaanza kwa kumwita mwenzake mwizi wa mawingu. Nikafungua mdomo nitafsiri, nikasikia nimesema 'karibu sana'. Yule mama akatabasamu. Nikaona, kumbe inawezekana."

"Na wizi?"

"Mhakiki angeniumbua, na mkataba ungekufa. Nilidhani kurasa zikipotea, kwa haraka ya dhoruba watatia saini zile tarakimu peke yake."

Inspekta hakuwa amemkata hata mara moja, jambo ambalo sajini alilikumbuka kwa muda mrefu. Kisha akaagiza wakuu wawili waitwe, na mwenyekiti.

"Sasa utatafsiri," alimwambia mkalimani. "Neno kwa neno. Punda awe punda."

Mkalimani akaanza na Jumatatu, akisoma kwenye daftari alimokuwa akinukuu maneno yao. Ilichukua nusu saa. Bwana Mawingu aligeuka mwekundu, Mama Dakika akainuka akakaa, akainuka tena. Walipofika Jumatano, mwenyekiti alikuwa amejifunika uso kwa ramani. Mwishowe, bila kuulizwa, mkalimani akasimulia habari za dada yake, mara mbili, kila mtu kwa lugha yake.

Hakuna aliyepiga meza. Mama Dakika aliuliza dhoruba ile ilikuwa ya mwezi gani. Alipojibiwa, aliinamisha kichwa. Barua ile ilikuwa imelala mezani kwake.

Akavuta kurasa arobaini za tarakimu, akatia saini chini ya ile ya mwisho. Bwana Mawingu akachukua kalamu ileile. Saa nne kasorobo. Mhakiki wa lugha alipoingia na mkoba wake mzito, hakukuta neno hata moja la kuhakiki.

Mwenyekiti alisema halalamiki tena, kwa kuwa kurasa zimepatikana. Inspekta akamwandikia mkalimani onyo kali, akamwomba mwenyekiti aung'oe ule msumari.

Mlangoni, Mama Dakika alimgeukia Bwana Mawingu akasema jambo fupi. Yule bwana akamtazama mkalimani, akingoja.

Mkalimani alitafsiri, kisha akamgeukia Inspekta. "Amesema samahani."

Inspekta alimkazia macho.

"Haki ya Mungu," mkalimani alisema, "hilo ni la kwake."