Mgeni wa Kiti cha Kushoto

Watu hudhani majini husubiri giza. Hili lilikuja mchana wa Krismasi, jua la Mombasa likiwaka, na Joab ana kijiko mkononi.

Joab alikuwa akiuza masufuria mji kwa mji, na gari lake dogo la mizigo ndilo nyumba yake; humo alilala, humo alikula. Mwaka huu gari likagoma Mombasa, mafundi wote wamekwenda kwao kwa sikukuu, na mali haiachiki barabarani. Mkewe Jael na binti yao Emmah wako kwao Vihiga, magharibi ya mbali. Basi akabaki ameegesha mtaa wa Kuze, akanunua pilau, akajifungia garini. Kule bustani ya Mama Ngina, ufukweni, watu walikuwa wakila na watoto wao; hakutaka hata kuwaona.

Sasa, Pwani ukiwa wala, mtu akapita, wamwambia "karibu," naye hujibu "starehe," akenda zake. Ni adabu tu, wala haketi mtu. Joab alikuwa ameizoea adabu hiyo. Siku hiyo hakupita yeyote. Upweke ulimkaba hasa, na ili asikie japo sauti yake mwenyewe, akakigeukia kiti kitupu cha abiria, kushoto kwake, akasema, "Karibu."

Kiti kikabonyea.

Kikabonyea taratibu, springi zikilia, kama aketivyo mtu mzima mwenye mwili wake, na harufu ya mawaridi ikajaa garini, na chini ya mawaridi uvundo, na Joab, kijiko kingali hewani, akaona pilau upande wa pili wa sahani ikipungua, tonge kwa tonge, ikisagwa na meno asiyoyaona, huku pumzi ya baridi ikimpiga shavuni, mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Alitoka mbio, viatu kaviacha. Akamwendea Bi Mwanakuu, mganga wa kupunga majini wa mtaa ule. Bibi akaja, akafukiza ubani, akasoma, akabembeleza. Kiti hakikuinuka.

"Aliyeingia kwa nguvu hutolewa kwa nguvu," alinong'ona. "Huyu ni mgeni wako, mwanangu. Umemwita chakulani. Hatoki mpaka mtu mwingine amkaribishe kwake."

"Nani atamkaribisha, bibi?"

"Hapa Kuze, hayupo. Nawe usende naye kwenu. Una mtoto."

Joab alilia. Heri asimwone Emmah mwaka mzima kuliko kumpelekea kitu kile. Simu ilikuwa ikiita garini; akaingiza mkono dirishani, akaichukua, amwambie Jael asimngoje.

"Krismasi njema, Baba Emmah. Uko na nani? Nasikia mtu akipumua."

Kabla hajajibu, sauti ya bibi kizee, tamu, ikatoka kiti cha kushoto: "Hujambo, mwanangu. Mumeo kanilisha vizuri."

"Sijambo, mama," alisema Jael, mtu wa watu tangu utotoni. "Ahsante kwa kukaa naye. Nawe karibu kwetu, siku yoyote."

"Jael, nyamaza, usimwambie..."

Kiti kikainuka. Harufu ikakatika, pakawa shwari kabisa.

"Ngoja kidogo," alisema Jael, "kuna mgeni mlangoni."

Joab alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, lakini simu ilikuwa imeshawekwa mezani. Alisikia mlango ukifunguliwa, kiti kikiburutwa.

"Keti hapa, mama," Jael alikuwa akisema. "Emmah, sogea, bibi ale nawe."