Sauti Yangu Si ya Maonyesho

Foleni kwa fundi simu ilikuwa imefurika, na katikati yake kijana mmoja, shati la bluu limepigwa pasi hadi kola imesimama, alikuwa anaisemesha simu yake Kiingereza. Taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto ameze dawa. Anasema, anatulia, anatabasamu, anasema tena.

"Kaka," dada aliyekuwa nyuma yake akashindwa kuvumilia, "huyo mkeo mbona hajibu?"

Foleni nzima ikacheka. Kijana akageuka, akakutana na gauni la njano, nywele zilizosukwa na kuzungushwa kichwani kama taji, na macho ya utundu.

"Hawa ni wanafunzi wangu. Nafundisha Kiingereza kwa intaneti. Wananitumia sauti, nami nawarudishia."

"Na mke?"

"Huyo bado namtafuta. Mtandao unasumbua."

Dada akaziba mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kikapenya.

Alikuwa msusi, mwenye saluni ndogo isiyoisha watu, na wateja walimwita Bosi. Video zake za kusuka zilitazamwa hadi ng'ambo. Wageni walimwandikia kwa Kiingereza, wigi bei gani, linafika lini, naye aliwajibu wote kwa picha ya moyo. Moyo hauuzi wigi. Kabla simu yake haijatoka kwa fundi, Bosi alishakuwa mwanafunzi.

"Kwangu hakuna kukariri," Mwalimu alimwambia. "Wewe unauza wigi, basi tutajifunza kuuza wigi. Mweleze mteja wa ng'ambo kuhusu wigi moja, kwa sauti, unitumie."

"Nikikosea?"

"Kosea. Nasahihisha pembeni, mimi na wewe tu. Mtu akichekwa mbele za watu, ulimi unajikunja kama kobe."

Sauti ya kwanza Bosi aliirekodi hapo hapo kazini, draya ya kukaushia nywele inanguruma nyuma yake. Alianza vizuri, akayumba, akakwama. Kwa mbali ikasikika sauti ya shangazi yake, aliyekaa kila siku kwenye benchi la mlangoni asipitwe na habari: "Mwambie la kahawia limebaki moja!" Bosi akacheka, akasema kwa Kiswahili, "Mungu wangu, nimesahau yote," akaituma hivyo hivyo.

Mwalimu aliisikiliza mara nyingi kuliko ilivyohitajika na somo.

Ndipo simu za jioni zikaanza.

"Somo la leo ni lipi, Mwalimu?"

"Umekula?"

"Hicho si Kiingereza."

"Ni zoezi la kusikiliza. Nisikie kama umeshiba."

"Nimeshiba, laazizi. Andika nimefaulu."

Siku za mapumziko akawa anakuja saluni, anabanwa kwenye benchi kati ya wateja, anasikiliza umbea wa mtaa mzima. Shangazi alimkagua toka viatu hadi kisogo. "Wewe baba, unafundisha au unachumbia?"

"Vyote viko kwenye mtaala, Shangazi."

Mambo yakawa matamu, na Kiingereza cha Bosi kikanyooka. Mpaka Jumamosi moja.

Saluni ilikuwa imejaa. Kwenye kiti cha kati alikaa Madamu, mwalimu wa shule ya jirani, kichwa nusu kimesukwa, anafuatilia kwenye simu mkutano wa walimu wa Kiingereza. Walikuwa wanaelezana namna ya kufundisha kwa intaneti.

"Bosi, anaongea yule wako," alisema, akaongeza sauti.

Draya ikazimwa. Mwalimu alikuwa kwenye kioo cha simu, amevaa suti, tai imenyooka. Bosi akavimba kwa fahari.

"Sikilizeni mwanafunzi wangu mmoja," alisema Mwalimu.

Ikatoka ngurumo ya draya. Ikatoka sauti inayotetemeka, inakwama. Mwambie la kahawia limebaki moja. Mungu wangu, nimesahau yote.

"Jamani," alisema Shangazi, "si mimi huyo?"

Simu ikajaa vicheko vya walimu, kisha kioo kikaganda. Bando la intaneti la Madamu lilikuwa limekwisha. Mteja mmoja alicheka, akauma mdomo. Bosi akaendelea kusuka, uso unamwaka moto.

Jioni Mwalimu alipiga, furaha tele. "Kipenzi, laiti ungeona leo!"

"Nimeona. Nimesikia wakinicheka."

"Subiri. Hukusikia hadi mwisho?"

"Uliniambia pembeni. Hiyo pembeni yako inaenea walimu wangapi?"

Akakata. Akajitoa kwenye kundi la wanafunzi. Wageni walipouliza bei, wakarudishiwa moyo. Mmoja aliyetaka mawigi ya duka zima akangoja jibu, akachoka, akaenda kwingine. Bosi alimwona akienda, akarudi kwenye nywele za mteja.

Madamu aliporudi kusukwa upya, alikuja na rekodi ya mkutano wote.

"Shoga, kuna kipande bando lilitudhulumu. Sikiliza."

Baada ya vicheko, Mwalimu alikuwa amesema: "Alicheka yeye kwanza, ndiyo maana hakuacha kujifunza. Sasa msikieni wa mwezi huu." Ikafuata sauti nyingine ya Bosi, imetulia, inamweleza mgeni wigi, inakataa kupunguza bei, inamfanyia mzaha, mpaka mgeni anakubali kununua. Walimu walipiga makofi.

"Basi mpigie mtoto wa watu," alisema Shangazi.

"Simpigii. Kunisifu amenisifu, lakini amenitoa mbele za watu bila kunibishia hodi."

"Angekuomba ungekubali?"

"Ningekubali," alisema Bosi, macho yamelowa. "Na ningevaa nikapendeza."

Shangazi hajawahi kumeza neno likakaa. Alitoka nje na simu yake, na haukupita muda Mwalimu akasimama mlangoni, bila tai, kola imelala.

"Hodi."

"Mlango uko wazi."

"Najua. Nangoja unikaribishe."

Bosi akamwacha asimame kidogo. "Karibu."

"Sikuja kujitetea kwa ile sauti ya pili. Nilijivunia kazi nikasahau ni yako. Nimewaomba radhi walimu, sauti zako zimeondolewa."

"Zote?"

"Zote."

"Hata niliyouza wigi?"

"Hata hiyo."

"Aka, hiyo irudishe." Saluni ikaangua kicheko. "Na mkutano ujao nitaongea mwenyewe. Wewe utashika kamera."

"Nitashika. Nina ombi, la maisha. Niliseme hapa, au nje?"

Benchi zima lilisogea mbele. Bosi akachomoa kichana nyweleni mwa Madamu.

"Nje."

Akatoka naye, akafunga mlango wa kioo. Waliobaki waliona midomo ikienda, mikono ikishikana, na Shangazi amebandika sikio kiooni bila kuambulia kitu. Aliporudi, Bosi alirudisha kichana nyweleni mwa Madamu.

"Umemjibu nini?" Shangazi alihema.

"Hayo ni yetu wawili."

Lakini Madamu husimulia kwamba mistari aliyosukwa jioni ile ilipinda yote, na hakuna uliorudiwa, kwa sababu msusi alikuwa anaimba.