Baraza la Mashabiki Lililobaki na Mmoja

Sogeeni, wajukuu, mnyamaze. Haya yalimpata rafiki yangu kinyozi, msimamizi wa baraza la mashabiki wa mpira mtandaoni. Watu walihamia makundi ya simu, baraza likapoa. Aliyebaki akimjibu ni mmoja tu, aliyejiita Beki Mzee. Kinyozi alishuku ni shemeji yake, akamfuata jioni.

"Shemeji, Beki Mzee si wewe?"

"Mimi? Huko wamebaki popo."

Kinyozi hakuamini. Akamnyang'anya simu, akaizima. Umeme nao ukakatika. Gizani akaandika barazani kwa simu yake mwenyewe: "Nafunga baraza."

Shemeji akakohoa.

Jibu la Beki Mzee likaingia: "Usifunge. Mpe maji huyo anayekohoa."

Kinyozi alipofariki, shemeji alirithi mikasi na kiti. Baraza hakuna aliyelitaka, wala hakuna aliyethubutu kulifunga.